Kidaka Kinapopukutika: Lugha, Shahamu na Uhai wa Seli Changa katika Mazingira ya Malindi na Kilifi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna Kiswahili kinavyoweza kueleza jambo gumu la kibiolojia: jinsi seli changa za mafuta zinavyoishi au kufa katika mwili wa mtu mwenye unene wa kupindukia. Hoja kuu ni kwamba neno moja, mafuta, limebebeshwa maana nyingi kiasi cha kupotosha ujumbe wa afya, na kwamba msamiati wa mnazi uliozoeleka katika Pwani ya Kenya unatupa njia sahihi na nyepesi ya kueleza uhai na kifo cha seli hizo. Makala yanapendekeza istilahi chache na kuonyesha mipaka yake.

1.0 Utangulizi

Shangazi yangu anaishi Malindi, mtaa wa Barani. Miaka michache iliyopita alipimwa na kuambiwa kwamba ana kisukari. Siku hiyo nilimsindikiza. Mhudumu aliyetupokea alikuwa mwungwana, lakini foleni ilikuwa ndefu na maneno yake yalikuwa machache: "Mama, mafuta yamejaa tumboni. Yapunguze." Shangazi aliitikia kwa heshima, tukaondoka.

Alitii alivyoelewa. Aliacha tui katika mchuzi. Chupa ya mafuta ya nazi aliyokuwa akijipaka kichwani na miguuni alimpa jirani. Chai yake ya sukari vijiko vinne, asubuhi, alasiri na usiku, hakuigusa, kwa kuwa sukari si mafuta. Soda ya jioni vilevile. Aliporudi kupimwa baada ya miezi kadhaa, hali ilikuwa ileile. Usiku ule aliniuliza swali ambalo ndilo chanzo cha makala haya: "Mwanangu, mafuta nimeyaacha yote, hata ya kujipaka. Sasa haya ya tumboni yanatoka wapi?"

Mimi ni mwanafunzi wa fasihi, si wa tiba. Hata hivyo, nilitambua kwamba swali lile lilikuwa, kwanza kabisa, swali la lugha. Neno alilopewa lilikuwa na maana nyingi, naye alichagua zile anazoishi nazo kila siku. Madhumuni ya makala haya ni matatu. Kwanza, kuonyesha mzigo wa maana uliomo katika neno mafuta. Pili, kueleza kwa Kiswahili yale ambayo sayansi imegundua kuhusu seli changa zinazozaa tishu ya mafuta. Tatu, kupendekeza istilahi zinazoweza kumfaa mwanafunzi darasani na mzee wa Barani kwa pamoja.

2.0 Mzigo wa Neno "Mafuta"

Katika Kiswahili, mafuta ni yale ya kupikia, ya taa, ya gari, ya kujipaka na ya mwilini. Mkufu huu wa maana si kasoro; ni utajiri wa lugha yoyote hai. Tatizo huanza pale ambapo muktadha hautoshi kutenganisha maana moja na nyingine. Mhudumu aliposema "mafuta", alimaanisha tishu, yaani sehemu ya mwili yenye seli, mishipa ya damu na kazi maalumu. Shangazi alisikia kitu kinachomiminwa kutoka kwenye chupa. Kwake yeye, tumbo lilikuwa chombo kilichojazwa, na dawa ya chombo kilichojaa ni kuacha kumimina.

Kiswahili hakikosi neno la pili. Shahamu, lenye asili ya Kiarabu, limo katika kamusi zetu kwa maana ya mafuta magumu ya mwili, hasa ya mnyama. Mchinjaji hulitumia, mganga wa kienyeji pia. Makala haya yanapendekeza mgawanyo ufuatao: shahamu iwe jina la tishu, na mafuta libaki kuwa jina la kile kinachohifadhiwa ndani ya tishu hiyo. Ghala si nafaka, na nafaka si ghala. Mgawanyo huu mdogo ungetosha kumfanya shangazi aulize swali tofauti.

Aidha, lugha yetu inaubebesha unene hukumu mbili zinazogongana. Mtu aliyenenepa huambiwa kwamba amenawiri, ametia mwili, ana siha. Aliyekonda huulizwa kwa huruma kama anaumwa, na katika miaka ambayo UKIMWI ulisomba watu wengi, wembamba ulibeba tuhuma nzito zaidi. Kwa upande wa pili, kuna maneno ya dhihaka: bonge, tipwatipwa, kitambi. Kati ya sifa na kejeli hakuna neno tulivu linalosema kinachotendeka ndani ya mwili. Ni pengo hilo ambalo mwanaisimu na mwanafasihi wanaweza kulijaza.

3.0 Seli Changa za Shahamu: Somo la Mnazi

Mwanafunzi wa Kiswahili anajua kwamba tunda la mnazi halina jina moja. Baada ya upunga kuchanua hutokea kidaka, tunda changa kabisa, kisha kitale, kisha dafu lenye maji matamu, kisha koroma, na mwisho nazi. Tunda ni lilelile, lakini jina hubadilika kwa kuwa kazi yake hubadilika. Hakuna anayekuna kitale, wala anayetumaini kunywa koroma kama dafu. Lugha imeutambua ukuaji kama mfululizo wa hatua, na kila hatua imepewa heshima ya jina.

Biolojia ya shahamu inataka msamiati wa namna hiyohiyo. Seli ya mafuta iliyokomaa ni kama nazi: imejaa tone moja kubwa la mafuta, na kiini chake kimesukumwa pembeni. Seli hiyo haigawanyiki tena kuzaa nyingine. Mpya hutokana na seli changa zilizojificha kando ya mishipa midogo ya damu, ambazo bado hazina mafuta na kwa macho hazitofautiki sana na seli nyingine za tishu unganishi. Hizi ndizo seli tangulizi za shahamu. Zinapopata ishara inayofaa, protini iitwayo PPAR-gama huamka ndani ya kiini, jeni za kuhifadhi mafuta hufunguliwa, na seli huanza safari yake kutoka kidaka hadi nazi.

Sehemu kubwa ya ujuzi huu ilipatikana maabarani. Katikati ya miaka ya 1970 Howard Green na Olaniyi Kehinde, wakiwa Marekani, walieleza ukoo wa seli za panya unaoitwa 3T3-L1, ambao huweza kukuzwa katika sahani na kugeuzwa kutoka seli tangulizi kuwa seli za mafuta. Hadi leo maabara nyingi duniani hutumia ukoo huo.

Mwaka 2008 Kirsty Spalding na wenzake wa Stockholm walichapisha utafiti uliotumia njia ya kustaajabisha. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 yaliongeza kaboni-14 hewani, na kiasi hicho kimekuwa kikipungua tangu wakati huo. Kwa kupima kaboni hiyo katika chembe za urithi za seli, watafiti waliweza kukadiria seli ilizaliwa lini. Waligundua kwamba idadi ya seli za mafuta hujengwa utotoni na ujanani, kisha hukaa karibu palepale utu uzimani. Hata waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito walibaki na idadi ileile. Seli zao zilipwaya tu, kama kanzu ya mtu aliyekonda. Lakini kukaa palepale si kulala. Kila mwaka takriban asilimia 10 ya seli hizo hufa na nafasi zake huchukuliwa na mpya. Shahamu, kwa hiyo, ni shamba linalopandwa upya kila msimu, na miche yake ni seli tangulizi.

4.0 Kupukutika na Kupasuka: Vifo Viwili

Si kila kidaka huwa nazi. Kila mkulima wa Kilifi anajua kwamba karara moja huweza kuzaa vidaka vingi na mnazi ukabakiza vichache. Vingine huanguka kwa kuwa mti hauwezi kuvilea vyote. Vingine kwa ukame. Vingine kwa wadudu. Kitenzi cha Kiswahili kwa tukio hilo ni kupukutika.

Hapa lugha yetu inakutana na historia ya sayansi kwa namna ya kupendeza. Mwaka 1972 John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie walitaka jina la kifo cha seli ambacho si ajali bali ni mpango wa mwili wenyewe. Kwa ushauri wa James Cormack, mtaalamu wa Kigiriki katika Chuo Kikuu cha Aberdeen, walichagua neno apoptosisi, ambalo katika Kigiriki ni kudondoka kwa majani ya mti au petali za ua. Kwa maneno mengine, ni kupukutika. Mtafsiri wa Kiswahili anayekopa apoptosisi kwa sauti yake tu anaacha mlangoni sitiari ambayo tayari imo nyumbani. Makala haya yanapendekeza istilahi mpukutiko wa seli.

Katika mpukutiko seli husinyaa, hujikata vipande vidogo vilivyofungwa vizuri, na majirani huvila pasipo ghasia. Kipo kifo cha pili: seli huvimba, utando wake hupasuka na yaliyomo humwagika. Mwili huuona umwagikaji huo kama jeraha na kuleta walinzi. Kifo hiki tunaweza kukiita mpasuko wa seli. Tofauti kati ya mpukutiko na mpasuko ni tofauti kati ya jani lililoanguka kwa wakati wake na tawi lililovunjwa na dhoruba.

Katika unene wa kupindukia vifo vyote viwili huonekana. Mwaka 2005 Saverio Cinti na wenzake wa Italia walionyesha kwamba, katika shahamu ya panya na ya binadamu wanene, seli kubwa za mafuta hufa kwa namna inayofanana na mpasuko, na makrofeji, yaani seli walaji zinazosafisha mabaki, huzizunguka kama taji. Je, seli tangulizi zilizo jirani na msiba huo hupatwa na nini?

5.0 Maji Moto Mtini: Walinzi Wenye Nyuso Mbili

Kabla ya kujibu, naomba msomaji apande mnazi nami. Katika minazi ya pwani yetu huishi maji moto, wale chungu wekundu wanaofuma majani kuwa viota. Mgema huwachukia kwa kuwa humuuma. Lakini katika miaka ya 1950 mtafiti M. J. Way, akifanya kazi Zanzibar, alieleza kwamba maji moto huufukuza mdudu mfyonzaji anayetoboa vidaka na kuvifanya vianguke kabla ya wakati. Mdudu huyo leo anaitwa Pseudotheraptus wayi, kwa heshima ya mtafiti huyo. Penye maji moto wengi, vidaka huponea. Wanapofukuzwa na aina nyingine za chungu, mti hupoteza mazao. Mlinzi yuleyule anayemuuma mgema ndiye anayemlea mwana wa mnazi.

Makrofeji za shahamu zina tabia inayokaribia hiyo. Mwaka 2009 kundi la Alexander Sorisky huko Ottawa, Kanada, lilichapisha majaribio ya sahanini. Seli tangulizi zilizonyimwa lishe ya kawaida zilianza kupukutika. Zilipowekewa majimaji ambamo makrofeji zilikuwa zimekuzwa, nyingi ziliponea. Makrofeji zilikuwa zimetoa humo vichocheo vya ukuaji vilivyoziambia seli changa ziendelee kuishi. Hivyo basi, kuwako kwa walinzi hao hakumaanishi kifo pekee.

Uso wa pili umejulikana kwa muda mrefu zaidi. Makrofeji zilizochochewa na mwako wa ndani, ile hali ya mwili kujihami kana kwamba umejeruhiwa, hutoa protini iitwayo TNF-alfa. Mwaka 1997 Johannes Prins na wenzake walionyesha kwamba protini hiyo huweza kuzisukuma seli za mafuta za binadamu, changa na zilizokomaa, kwenye mpukutiko. Pia huzizuia seli tangulizi kukomaa. Mwaka uliofuata, watafiti wa Cambridge, Uingereza, walionyesha kwamba seli tangulizi za shahamu ya ndani ya tumbo hupukutika kwa urahisi kuliko zile za chini ya ngozi. Shamba si moja mwilini. Kuna udongo unaotunza miche na udongo unaoipoteza.

Kwa muhtasari, uhai wa seli tangulizi ni hesabu ya ishara. Lishe, homoni na vichocheo vya ukuaji huvuta upande wa uhai. Mwako wa ndani, msongamano na sumu za mafuta yaliyomwagika huvuta upande wa kifo.

6.0 Akiba Haiozi?

Msomaji anaweza kusema: seli tangulizi zife, vizuri! Zikifa, mtu hatanenepa. Hoja hii inaonekana ya busara, nayo ndiyo inayojificha ndani ya agizo la "punguza mafuta". Lakini ni kosa, na kosa lenyewe ndilo kiini cha makala haya.

Wahenga walisema akiba haiozi. Msemo huu ni kweli kwa sharti moja ambalo halitamkwi: ghala liwe zima. Katika nyumba za bara ya Malindi mahindi huwekwa kwenye uchaga juu ya meko, mahali ambapo moshi huyakinga na fukusi. Mwaka wa mavuno mengi, mwenye nyumba ana njia mbili: kuongeza uchaga, au kuusheheneza ule uliopo mpaka miti ipinde. Akichagua ya pili, mahindi yataanguka sakafuni, kwenye maji, kwenye panya. Hapo akiba itaoza.

Mwili nao una njia hizohizo. Chakula kinachozidi mahitaji, kiwe wanga, sukari au mafuta, hatimaye huwekwa akiba. Seli tangulizi zikiwa hai na tayari kukomaa, akiba hugawanywa katika seli nyingi ndogo zenye afya. Zikiwa zimepukutika au zimezuiwa kukomaa, seli chache zilizopo hutanuka kupita kiasi, oksijeni haizifikii vizuri, hupasuka, na mafuta hufurika kwenda kwenye ini, misuli na kongosho. Viungo hivyo havikuumbwa kuwa ghala. Hapo insulini hushindwa kufanya kazi yake, na kisukari cha aina ya pili hubisha hodi.

Mifano miwili inatosha kuthibitisha. Wapo watu wachache wanaozaliwa karibu bila shahamu kabisa. Kama shahamu yenyewe ndiyo ingekuwa ugonjwa, wao wangekuwa wazima kuliko wote. Kumbe hupata kisukari kikali na ini lililojaa mafuta. Mfano wa pili ni dawa ya pioglitazoni, ambayo huiamsha ile protini ya PPAR-gama. Mgonjwa huweza kuongezeka uzito kidogo, hali sukari yake inashuka, kwa sababu vidaka vingi zaidi vimefika kuwa nazi chini ya ngozi na ini limepumua. Dawa hiyo ina madhara yake na si ya kila mtu. Hapa tunaitaja kama ushahidi tu.

Mfano wa tatu uko karibu zaidi na kumbukumbu zetu. Katika miaka ya 2000 dawa ya stavudini ilitumika sana Kenya na kwingineko Afrika kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI. Iliokoa maisha, lakini baadhi ya watumiaji walipoteza shahamu ya mashavu, mikono na miguu. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri nchi ziiache hatua kwa hatua. Watu walioona mashavu yale yakibonyea waliona, bila kujua, tishu ya shahamu ikipungua mwilini. Hakuna aliyeuita uzuri.

7.0 Kwa Nini Malindi na Kilifi?

Huenda ikaonekana kwamba suala hili ni la nchi tajiri. Takwimu zinasema vingine. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 45 ya wanawake wa Kenya wa miaka 20 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Utafiti huohuo uliitaja Kaunti ya Kilifi, ambamo Malindi imo, kuwa na kiwango cha juu zaidi nchini cha watoto waliodumaa: asilimia 37, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 18. Mkoba mmoja, mizigo miwili: mtoto aliyenyimwa na mtu mzima aliyezidishiwa, mara nyingine chini ya paa moja la makuti. Tukikumbuka kwamba idadi ya seli za mafuta hujengwa utotoni na ujanani, tunaona kwamba haifai kuuzungumzia utu uzima wa Kilifi kana kwamba haukuwahi kuwa na utoto.

Kilifi pia ni mahali ambapo lugha ya sayansi imepimwa kwa vitendo. Kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust kimekuwako hapo tangu mwaka 1989, na fomu za ridhaa zimelazimika kuandikwa na kusomwa kwa Kiswahili na Kigiriama. Mwaka 2004 Sassy Molyneux na wenzake walichapisha uchunguzi kuhusu uelewa wa ridhaa katika pwani ya Kenya, na kuonyesha jinsi ilivyo vigumu kwa mzazi kutofautisha utafiti na tiba ya kawaida. Somo kwetu ni kwamba tafsiri ya neno kwa neno haitoshi. Mtu huelewa kwa picha anazoishi nazo. Chuo Kikuu cha Pwani kiko mji huohuo wa Kilifi. Wanafunzi wa Kiswahili na wa biolojia hutembea njia moja kwenda darasani. Kinachokosekana ni meza moja ya mazungumzo.

8.0 Mapendekezo ya Istilahi na Mipaka Yake

Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na kazi hiyo inastahili kuendelezwa. Kwa kufuata vigezo vya usahihi, iktisadi, uangavu na uzalishi vinavyosisitizwa na wanaistilahi, makala haya yanapendekeza yafuatayo. Shahamu: tishu ya kuhifadhia mafuta. Seli tangulizi ya shahamu: seli changa iliyokwisha kuelekezwa kuwa seli ya mafuta, katika mazungumzo ya jamii, kidaka. Seli komavu ya shahamu: seli iliyojaa tone la mafuta, katika jamii, nazi. Mpukutiko: kifo cha seli kilichopangwa. Mpasuko: kifo cha seli cha kuvimba na kumwagika. Mfuriko wa mafuta: kuhamia kwa mafuta kwenye viungo visivyo ghala.

Uzalishi wa istilahi hizi ni dhahiri. Kutokana na pukutika tunapata pukutisha, yaani kitendo cha TNF-alfa. Kipukutishi, yaani kitu kinachosababisha. Na kizuia mpukutiko, yaani kazi ya vichocheo vya ukuaji. Mzizi mmoja umezaa ukoo mzima.

Hata hivyo, sitiari ina mipaka. Nazi huanguka ikavunwa. Seli ya mafuta haivunwi. Maji moto ni wadudu kutoka nje ya mti, ilhali makrofeji ni sehemu ya mwili wenyewe. Tena nazi kubwa ni fahari ya mkulima, lakini seli iliyotanuka kupita kiasi ni dalili ya ghala lililoelemewa. Mwalimu hana budi kusema mahali ambapo picha inaishia. Susan Sontag, katika insha yake ya mwaka 1978, alionya kwamba sitiari za maradhi huweza kumwongezea mgonjwa aibu. Onyo hilo linatuhusu. Faida ya sitiari ya mnazi ni kwamba haimlaumu mgonjwa. Haimwiti mlafi wala mvivu. Inasema kwamba ndani yake kuna shamba linalohitaji kutunzwa.

9.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba unene wa kupindukia si suala la wingi wa mafuta tu, bali ni suala la uhai wa seli zinazoyapokea. Seli tangulizi zikiponea na kukomaa, akiba hukaa salama; zikipukutika, akiba huoza na kuharibu nyumba. Yameonyesha pia kwamba Kiswahili hakihitaji kuomba radhi mbele ya sayansi. Neno la Kigiriki lililochaguliwa Aberdeen mwaka 1972 lilikuwa na ndugu yake kwenye mashamba ya minazi ya Kilifi muda mrefu kabla ya hapo.

Nilirudi kwa shangazi nikiwa na jibu. Nilimwambia kwamba mafuta ya tumboni hayatoki kwenye chupa. Mwili huyatengeneza hata kutokana na sukari ya chai na soda, na shida kubwa huja pale vidaka vinapopukutika, nazi chache zilizobaki zikabebeshwa mzigo wa wote hadi zikapasuka. Nikamwambia pia kwamba kutembea kila siku na kupunguza sukari hulipunguzia ghala mzigo, hata kama idadi ya seli haibadiliki. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Kumbe ndivyo. Basi mbona hawakuniambia hivyo?"

Chai yake sasa ina kijiko kimoja. Mafuta ya nazi ya kujipaka ameyarejesha kichwani, na hayo hayakuwahi kuwa na kosa. Swali lake la mwisho bado linasubiri jibu, na wanaopaswa kulijibu ni sisi tunaosomea lugha hii.